Bi mkubwa kabadilishiwa insulini "ile ile", siku ya tatu sukari ikashuka mpaka 2.6. Wenye uzoefu wa kubadilishiwa tuongee

Mwana wa Makorora (mleta uzi)

Assalam alaykum na habarini ndugu zangu. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, nataka nieleze kila kitu kama kilivyotokea maana najua humu kuna watu mama zao na baba zao wanachoma insulini na siku yoyote wanaweza kupewa boksi jipya dirishani wakaambiwa ni ile ile.

Sie tuko Tanga mjini, Makorora. Bi mkubwa ana miaka 67, ana sukari tangu 2009, alianza na vidonge, vikafika mahali havishiki tena, ndo 2017 akaingizwa kwenye insulini ya mchanganyiko, ile inayofanana na maziwa, asubuhi yuniti 24 jioni 14. Miaka yote hiyo ana utaratibu wake ambao haubadiliki hata kuwe na msiba. Akimaliza swala ya alfajiri anapima, anachoma, anachukua kikapu anatoka kununua mkate wa kumimina nyumba ya tatu kutoka kwetu, pale wanasalimiana, wanaulizana hali za watoto, anarudi anabandika chai, mpaka anakaa kula imeshapita nusu saa na ushee. Hiyo nusu saa ndo aliyofundishwa kliniki siku ya kwanza na ameishika kama amana.

Mwezi wa tatu mwaka huu tukaenda kuchukua dawa, mahali sitapataja maana nia yangu sio kumchafua mtu. Ile aliyozoea hamna. Tukaambiwa ipo hii, mama hii ni ile ile tu, 30 kwa 70, kampuni ndo tofauti, tena hii nzuri ya peni huhangaiki na kuvuta na bomba, yuniti zako choma zile zile. Na kweli ukiangalia boksi namba 30 ipo, ukiitikisa inakuwa nyeupe kama maziwa, jina lenyewe linakaribiana. Mie nilikuwepo, sikuuliza kitu, nikashukuru tukaondoka.

Siku ya kwanza na ya pili akawa anasema mwili mwepesi na jasho jasho asubuhi, tukajua joto, mwezi wa tatu Tanga mnaujua wenyewe. Siku ya tatu mie niko uani natia upepo baiskeli niende kazini, kaja mtoto wa jirani mbio, "njoo bibi kakaa chini." Nimemkuta kwenye baraza ya muuza mkate, kikapu kiko miguuni, mkate bado wa moto umefungwa kwenye karatasi, kanga imelowa imegandia mgongoni, ana noti moja ya elfu mkononi anaihesabu. Anaihesabu, anaikunja, anaikunjua, anaanza tena moja. Namwita haitiki, anageuka ananiangalia kama mtu asiyenijua. Wallahi miguu iliniisha nguvu.

Nikapima pale pale barazani, 2.6, na chini ya 4 tayari ni kushuka. (Wenye mashine zinazosoma mg zidisha kwa 18, ni kama 47.) Alikuwa bado anameza, nikamkorogea sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji nusu kikombe akanywa, dakika 15 nikapima 3.3, nikampa tena vijiko vitatu, dakika 15 nyingine 5.2, ndo macho yakarudi akaniuliza mbona hujaenda kazini. Hapo nikamlisha ule mkate na chai ili isishuke tena.

Sasa balaa la pili lilikuwa baada ya hapo. Mtaa mzima ukasema insulini feki. Bi mkubwa akaogopa, akasema hiyo peni haimgusi tena, na ya zamani hana, akakaa siku mbili hajachoma. Mie nikakubali na yeye, hilo ndo kosa langu na linaniuma mpaka leo. Siku ya pili jioni mdomo umekauka, anaamka chooni kila saa, nikapima 23.4. Tukapakiana kwenye bajaji usiku ule ule.

Tuliyemkuta ni nesi mtu mzima wa kliniki ya sukari. Hakuuliza anachoma yuniti ngapi. Aliuliza "mama, unachoma saa ngapi na unakula saa ngapi?" Bi mkubwa akamweleza habari ya mkate. Nesi akasema nipeni boksi zote mbili. Bahati nzuri bi mkubwa hatupi boksi, anawekea sindano. Akaziweka mezani moja huku moja huku, akanipa miwani yake, akasema soma hapo chini ya jina kubwa, herufi ndogo. La zamani limeandikwa "human". Jipya limeandikwa "aspart". Nimeishi na lile boksi miaka yote hiyo sijawahi kusoma ule mstari.

Akatueleza hivi. Ile 30 ni fungu la insulini ya haraka humo ndani, 70 ni fungu la taratibu. Boksi zote mbili zina 30 kwa 70, hapo aliyetupa hakudanganya. Ila haraka ya hii sio haraka ya ile. Ile ya "human" ikichomwa inachukua kama nusu saa ndo inaanza kazi, ndo maana uchome usubiri. Hii ya aspart inaanza ndani ya dakika 10 mpaka 20, inatakiwa chakula kiwe mbele yako. Sasa bi mkubwa anachoma, anaenda kwa miguu kununua mkate na tumbo halina kitu tangu jana usiku, insulini ishaamka inafanya kazi yake. Yaani dawa ilikuwa inafanya kazi sawasawa kabisa, nusu saa yetu ndo ilikuwa haifai.

Daktari akapunguza kidogo, 22 na 12, akasema mchome chai ikiwa mezani, mpime mara nne kwa siku kwa wiki mbili, mlete daftari. Nyumbani siku hizi tunaziita "ya nusu saa" na "ya mezani". Tangu hapo ya chini kabisa aliyopata ni 5.4.

Kinachonichoma ni kwamba lilikuwa jambo la sentensi moja. "Mama, hii ukichoma kula hapo hapo." Basi. Nani angeshindwa kulisema.

Maswali yangu: amekuwa akitoka vidoti vyekundu vinawasha pale anapochoma tangu abadilishiwe, vipo kwa wengine? Na wiki ya kwanza ya sukari kukaa sawa alilalamika macho yana ukungu. Na wengine mmepitia nini mkibadilishiwa?

Kaole Pwani

Pole sana ndugu yangu na mpe pole bi mkubwa. Nimesoma hapo pa kuhesabu noti nikasimama kwanza. Sie Bagamoyo, baba yangu alikuwa mvuvi, sasa hivi mzee wa nyumbani tu. Kwetu ilikuwa kushuka usiku, saa nane, alikuwa anapiga kelele usingizini tukadhani anaota bahari. 2.9.

Kwetu kisa kilikuwa tofauti na chako kwa hiyo naomba watu wasome zote mbili. Baba hakubadilishiwa aina, zote mbili "human" 30/70 kabisa, kampuni tofauti tu. Kwa hiyo tulikuwa na uhakika hii mpya ina matatizo, kali mno. Daktari akauliza ile ya zamani mlikuwa mnaiweka wapi? Dirishani. Nyumba ya bati, dirisha linatazama jua la mchana, kichupa kinakaa pale mwezi mzima na zaidi mpaka kiishe. Na ya sasa? Ya sasa shemeji kaja na friji. Akacheka kidogo kwa huruma, akasema mzee alikuwa anachoma maji. Sio maji kabisa lakini ile insulini ilikuwa inapungua nguvu kila siku kwa joto, sukari haishuki, kila kliniki wanamuongezea, kutoka 20 akafika 36. Siku alipopata kichupa kizima kisichoungua, ile 36 ikawa 36 kweli.

Kwa hiyo tuliisingizia kampuni mpya bure. Sasa hivi yuko kwenye 22.

Kwa wasio na friji, tulifundishwa mtungi. Mtungi mdogo wa udongo ndani ya mkubwa, katikati mchanga unaloweshwa maji asubuhi na jioni, kichupa ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Haifiki baridi ya friji ila inaokoa sana. Na wenye friji msiweke karibu na friza, insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri usichome.

Mama Watatu

Jamani samahani naomba niulize bila kukwaza mtu. Mama mkwe wangu kakataa insulini mpya kwa sababu kaambiwa hizi zinatengenezwa na nguruwe, na ile ya zamani ndo ilikuwa halali. Yuko Muheza hachomi wiki sasa. Nimwambieje

Famasi Mstaafu

Dada yangu Mama Watatu naanza na wewe kwa sababu wiki bila kuchoma ni hatari, leo leo apelekwe apimwe.

Mwambie hivi kwa upole. Ni kweli zamani insulini ilikuwa inatolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe, miaka 60 nzima dunia iliishi hivyo. Lakini mwaka 1982 ikaruhusiwa Marekani ya kwanza inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa maelekezo ya insulini ya mwanadamu, ikaitwa Humulin. Wengine wanatumia hamira badala ya bakteria, ndugu wa hamira hii hii ya maandazi. Ndo maana ya lile neno "human" kwenye boksi, kwamba imefanana na inayotoka kwenye mwili wa mtu, haijatolewa kwenye mtu wala kwenye mnyama. Akitaka uhakika zaidi mfamasia amsomee karatasi iliyo ndani ya boksi, chanzo kimeandikwa.

Kitu kimoja cha mnyama kipo kwenye hizi nyeupe kama maziwa, nacho ni protamini, inatokana na mbegu za samaki dume, jamii ya salmoni. Ndo inayoifanya ikae mwilini muda mrefu na ndo inayoipa ule weupe. Kwa watu wa pwani samaki sidhani ni tatizo, ila mwenye mzio wa samaki amwambie daktari wake mapema.

Sasa nirudi kwa mleta uzi. Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa miaka 31 na nakubali lawama kwa niaba ya wenzangu. Foleni ndefu, joto, dawa aliyoandikiwa mtu haipo, unatafuta inayokaribiana, unasema "ni ile ile" ili mgonjwa asiondoke mikono mitupu na asiogope. Nia njema lakini neno "ile ile" kwenye insulini lina maana nyingi mno.

Kuna ile ile ya kweli. Mixtard 30 na Humulin 70/30, watu wanazibishania wanasema namba zimegeuka kwa hiyo ni tofauti. Hapana. Mmoja anatanguliza fungu la haraka, mwingine anatanguliza fungu la taratibu. Ndani zote zina 30 ya haraka na 70 ya taratibu, zote "human", zote za nusu saa. Ukihamishwa hapo kwa kawaida unahama yuniti kwa yuniti, unapima zaidi wiki za mwanzo basi.

Kuna ile ile ya nakala. Insulini nyingi za sasa hataza zake, yaani haki ya kampuni moja peke yake kuitengeneza, zilikwisha, viwanda vingine vikaanza kutengeneza zinazofanana nazo. Sio kama kidonge cha panadol ambacho ukijua kemikali unachanganya tu. Insulini inatengenezwa na kiumbe hai kwa hiyo kila kiwanda lazima kipimwe upya kionyeshe kwamba yake inashusha sukari sawa na ile ya mwanzo. Ulaya waliruhusu ya kwanza ya aina hiyo 2014, ya glargine, ile insulini ya taratibu inayokaa kutwa nzima. Zikipita vipimo hivyo ni dawa nzuri kabisa na mara nyingi bei nafuu, msiziogope.

Halafu kuna "ile ile" ambayo sio ile ile, na hapo ndo bi mkubwa wako alipopita. Human kwenda aspart au lispro, ambayo nayo ni ya haraka kama aspart, namba moja, rangi moja, saa tofauti. Na mfano mwingine, Lantus na Toujeo, zote ni glargine, neno moja kwenye boksi, lakini Lantus ina yuniti 100 kwenye kila mililita na Toujeo ina 300, na mwili hauzipokei kwa namna moja. Anayetoka Toujeo kwenda Lantus hupunguziwa kama asilimia 20 mwanzoni asishuke. Mtu anayejua jina la dawa tu bila namba ya nguvu hawezi kuliona hilo.

Kuhusu vidoti vinavyowasha. Hutokea, na mara nyingi mwenye kuwasha sio insulini bali vitu vinavyoisindikiza, dawa ya kuzuia isioze, zinki, hiyo protamini. Kila kampuni ina mapishi yake. Hata mgonjwa wa kwanza kabisa kuchomwa insulini duniani, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 kule Toronto, Januari 1922, sindano ya kwanza ilimletea jipu mahali pa kuchomea kwa sababu dawa ilikuwa haijasafishwa vizuri, wakaisafisha upya, baada ya siku 12 akachomwa tena na ikafanya kazi. Kwa bi mkubwa, kama ni vidoti vidogo vinavyokwisha ndani ya siku moja mbili, mwache aendelee, abadilishe sehemu, asichome insulini inayotoka kwenye baridi moja kwa moja, aishike kiganjani kwanza. Mara nyingi hupotea baada ya wiki chache. Lakini akivimba midomo au uso, akipata mabaka mwili mzima, akikosa pumzi, hiyo ni hospitali sasa hivi, sio kesho.

Macho kuwa na ukungu sukari ikianza kukaa sawa ni kawaida, lenzi ya jicho ilizoea maji ya sukari nyingi inajirekebisha. Asikimbilie kununua miwani mipya mwezi huo. Ila macho ya mwenye sukari yapimwe kila mwaka hata kama hayasumbui.

Mwana wa Makorora

Mzee wangu Famasi Mstaafu Allah akulipe kheri. Vidoti ni vya siku moja tu kweli, na alikuwa anachoma peni ikitoka friji.

Dau la Jahazi

Mie naongezea vinundu. Niko Pangani, nachoma mwenyewe, mwaka wa 11. Nilikuwa nachoma upande wa kulia wa kitovu tu kwa sababu pale hapaumi, kumbe hapaumi kwa sababu pamekufa ganzi, pamevimba kama mto mdogo. Nikabadilishiwa insulini na siku hiyo hiyo nesi akaniambia hama hapo, choma paja. Nikashuka mara tatu wiki moja nikaanza kuitukana kampuni. Insulini kwenye kinundu inanyonywa vibaya, nusu inabaki huko huko, ukihamia kwenye ngozi nzima inaingia yote. Kwa hiyo ukihama pahali pa kuchoma mwambie daktari, inawezekana upunguziwe. Pitisha kiganja tumboni ukiwa na sabuni unaoga, vinundu utavisikia kwa mkono kabla hujaviona.

Chumbageni Kati

Hakuna aliyetaja mabomba. Naomba nitaje kwa herufi kubwa ANGALIENI BOMBA. Mjomba wangu alikwenda India kwa matibabu ya moyo akarudi na pakiti ya mabomba ya insulini yenye kifuniko chekundu. Kule bado kuna insulini ya yuniti 40 kwa mililita na bomba lake limechorwa kwa hiyo 40. Huku kwetu ni yuniti 100, bomba lake kifuniko cha rangi ya chungwa. Akavuta "20" kwa bomba lile jekundu kutoka kwenye kichupa cha 100. Piga hesabu, alama ya 20 kwenye bomba la 40 ni nusu mililita, na nusu mililita ya kichupa cha 100 ni yuniti 50. Alichoma hamsini badala ya ishirini. Tulimkuta hajitambui, tukashukuru Mungu hospitali walimuwekea dripu ya glukosi akarudi. Na usimpe kitu mdomoni mtu aliyezimia, atapaliwa, mpakie tu muende.

Sasa fikirieni angekuwa amebadilishiwa na kampuni wiki hiyo hiyo. Nani angekumbuka bomba, wote tungesema ni kampuni mpya.

Kaole Pwani

Chumbageni Kati hiyo umeokoa watu. Nimekwenda kuangalia ya baba sasa hivi, ni ya chungwa, alhamdulillah.

Mti Dawa

Mnahangaika na mabomba na mtungi wakati mlonge upo uani. Mama yangu aliacha insulini kwa mlonge na mwarobaini

Mwana wa Makorora

Ndugu yangu sikudharau, mlonge na sie tunao na tunakula majani yake na nazi. Lakini mie nimeona kwa macho yangu siku mbili tu bila kuchoma mama yangu kafika 23.4. Mtu ambaye kongosho lake limechoka akiacha insulini anaweza kufa, tena sio kwa miaka, kwa siku. Naomba usimshauri mtu hapa aache. Kama mama yako aliacha na yuko salama mpime hata leo, naomba kwa roho safi kabisa, mpime utuambie.

Mama Watatu

Nimerudi. Tumempeleka mama mkwe, alikuwa 19.8, kachomwa. Nilimwambia ya hamira na maandazi, akauliza mara mbili, akasema basi nisomeeni hiyo karatasi. Mfamasia kamsomea yote. Asante sana baba Famasi Mstaafu.

Nina jingine. Yeye katolewa kwenye ya mezani karudishwa kwenye ya nusu saa, hakuna aliyesema kitu, anachoma na kula hapo hapo. Huko nako kuna shida?

Famasi Mstaafu

Ipo, ila inakuja kwa mlango mwingine. Akila hapo hapo na ya nusu saa, chakula kinawahi kuliko dawa, saa moja mbili baada ya kula sukari inapanda juu, halafu dawa inakuja nyuma chakula kimeshapita, adhuhuri karibu na chakula cha mchana anaanza kutetemeka. Watu wanaona namba ya juu baada ya chai wanaongeza yuniti, ndo wanazidisha kutetemeka kwa mchana. Asiongeze. Arudishe nusu saa yake, apime, na muongee na kliniki. Na ukipima pima nyakati tofauti, ukipima asubuhi tu hutaona.

Niongeze moja la historia maana linahusu. Miaka ya 1980 watu walipohamishwa kutoka insulini za wanyama kwenda "human", wengi Ulaya walilalamika kwamba zile dalili za kushuka, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, haziwajii tena, wanaanguka ghafla. Tafiti zilizolinganisha hizo insulini hazikuthibitisha kwamba insulini yenyewe ndo inaficha dalili. Lakini naitaja kwa sababu mgonjwa akisema "tangu nibadilishiwe najisikia tofauti" asipuuzwe. Mara nyingi kuna kitu kimebadilika kweli, kazi ni kukitafuta ni kipi, saa, bomba, joto, pahali pa kuchoma, au dawa nyingine. Kuna dawa za presha kama propranolol zinaficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, jasho tu ndo linabaki. Mzee mwenye presha na sukari akilowa jasho bila sababu, pimeni.

Na mtu akipata madhara anayoyashuku, kliniki na famasi wana fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, ya kuripoti. Waombeni waijaze, wachukue na namba ya toleo iliyo kwenye boksi. Kama kweli kuna insulini mbovu mtaani hiyo ndo njia ya kuijua, kwenye baraza haitajulikana.

Kijana wa Duga

Na Ramadhani je? Baba anataka kufunga na katoka kubadilishiwa majuzi

Mwana wa Makorora

Kijana wa Duga hilo usisubiri mwezi uandame, mpeleke mwezi mmoja au miwili kabla. Sie daktari alimwambia bi mkubwa mwaka huu asifunge kwanza mpaka namba zitulie, alilia, lakini alikubali. Kuna wanaoruhusiwa, wanapangiwa upya dozi ya futari na ya daku, ila lazima iwe daktari na sio kugeuza mwenyewe asubuhi kuwa jioni. Na kupima hakufunguzi kadiri tulivyoelezwa na masheikh wetu, kwa hiyo akifunga apime mchana bila wasiwasi, na ikiwa chini ya 4 afungue hapo hapo.

Dau la Jahazi

Mleta uzi tupe mrejesho mara ya mwisho mlivyokwenda kuchukua dawa

Mwana wa Makorora

Mrejesho huu hapa. Jana tumekwenda. Bi mkubwa kabeba mwenyewe boksi tupu kwenye kikapu, na daftari lake la namba, wiki sita zimejaa mistari yote. Mie nilikaa kwenye benchi kwa makusudi nikamwacha aende dirishani peke yake. Yule kijana akatafuta, akarudi na vichupa, akasema mama ile ya peni mwezi huu haijaja, kuna hii, ni ile ile tu.

Bi mkubwa hakuipokea. Akaweka boksi lake tupu juu ya kaunta, akalisogeza karibu na lile jipya, akavaa miwani, akaweka kidole chini ya zile herufi ndogo akasoma pole pole kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Halafu akanyanyua uso akamuuliza, "Mwanangu, hii ni ya nusu saa, au ya mezani?"

Kijana hakuelewa. Akamweleza. Watu wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakasogea mbele kusikiliza, mmoja akatoa boksi lake kwenye mfuko akaanza kulisoma.